Upande Wenye Madirisha

4 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Naandika kwa mkono kama mtoto wa shule kwa sababu simu yangu ni ya shirika la reli na yako ni ya mamlaka ya leseni, na ofisi zetu zina masikio makubwa kuliko kazi zake. Barua atakuletea gadi wa treni ya mizigo, yule mwenye mwanya. Mambo ya wakubwa hayamhusu.

Hongera kwa safari ya ukaguzi. Mkurugenzi wetu tangu juzi anatembea koridoni akiimba. Ile sentensi yako kwamba mitaro ya reli yetu "ni safi kiasi cha kuandaliwa chakula" ameagiza ichapwe kwa herufi kubwa na kubandikwa mapokezi. Kwa mwendo huu, leseni yetu itahuishwa kwa miaka ishirini na mitano, na mimi, meneja wa masharti ya leseni, mtu ambaye kazi yake yote ni kuapa kwamba shirika halijavunja hata moja, nitapewa chumba chenye dirisha. Hiki nilicho nacho sasa kilikuwa stoo ya mafagio.

Najua hatutakiwi kujuana. Ulitangaza kwenu kwamba mdogo wako yuko huku, wakakujibu kwamba ni vizuri, atakukaribisha chai. Basi tusijuane, ila Mama anatujua sote wawili, na ameniagiza nikuulize: kwa nini hukumpungia? Alisimama nje ya nyumba na kitambaa chake chekundu, kama mwaka jana, akapunga mpaka behewa la mwisho likapita. Nimemwambia ulikuwa umeinama unaandika. Mwakani inua kichwa kidogo, mama wa watu.

Mdogo wako,
Mziwanda

11 Machi

Mziwanda,

Marahaba. Hiyo sentensi yangu ibanduliwe ukutani kabla sijaja kuibandua mwenyewe.

Tangu siku ile nina kinyaa ambacho hakinitoki. Kila nilipoweka kikombe chini, mtu alikijaza. Mkurugenzi wenu aliniegemea safari nzima, mafuta ya kuku yakimtiririka kidevuni, na kila alipocheka alinigusa mkono kwa vidole vile vile alivyokuwa akivinyonya. Nilifika nyumbani nikaoga, nikakaa, nikarudi kuoga tena.

Lakini sikuwa nimeinama. Tulipofika mji wa Mama niliweka kalamu chini nikaegemea kioo kumtafuta. Niliona mawe yamepakwa chokaa, kuta zina rangi mbichi, mtaro umenyooka hauna hata jani. Kitambaa chekundu sikukiona. Mwaka jana pia sikukiona, nikadhani Mama hakutoka.

Nyumba yake iko upande gani wa reli? Wewe ndiye uliyemhamishia kwenye hiyo nyumba ya shirika. Kila nikitaka kwenda kumwona unaniambia barabara imekatika, nisubiri kiangazi, na kiangazi kikija unanitafutia sababu nyingine. Na kwa nini choo cha behewa kilikuwa na kufuli? Niliambiwa ni kibovu. Nilibana mpaka stesheni ya mwisho, mimi mtu mzima.

Sharti la kumi na moja la leseni yenu unalijua kwa moyo: mwenye leseni atatunza tuta, mitaro na makalvati pande zote mbili za njia, na hataruhusu maji machafu kutuama karibu na makazi. Pande zote mbili, Mziwanda. Nijibu.

Dada yako

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Umeandika kama unahoji mwizi wa kuku.

Nyumba ya Mama iko upande wa juu. Wewe ulikuwa unatazama upande wa chini, na hungeweza kutazama kwingine. Behewa lile lilijengwa zamani kwa wageni wa kutazama mandhari ya bonde: viti vyote na madirisha yote vimepangwa upande mmoja. Upande wa pili ni jiko, stoo na choo. Hakuna mtu aliyekaa akapanga hila. Ila genge la vibarua wa njia lina watu wachache, na kila mwaka ukaguzi ukikaribia msimamizi wao anakuja kuuliza, "Safari hii pande zote au madirisha tu?" Jibu halijawahi kubadilika. Imekuwa lugha ya kazini kabisa. Kazi ya kuonekana tunaiita kazi ya madirisha, na ile inayoweza kungoja tunaiita kazi ya jikoni. Nimeikuta hivyo, na hata waliokuwepo kabla yangu waliikuta.

Kalvati la kwa Mama, lile tundu la maji chini ya reli, lipo kwenye mpango. Ni la jikoni, lakini lipo. Usinione mbaya, funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo mashirika yote yanavyoishi.

Mama ni mzima. Mguu unamsumbua kidogo, uzee tu. Nakuomba usimwandikie mambo haya, presha itampanda. Na ukumbuke kwamba likiharibika jambo hili, mimi ndiye nitakayetolewa kafara, si mkurugenzi. Damu nzito kuliko maji, dada.

Mziwanda

2 Aprili

Mwanangu Mama Mkaguzi,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili kwa miwani. Umeniuliza swali moja, "Mama, unaishije huko?" Mdogo wako alinikataza nisikwambie, alisema atafukuzwa kazi. Lakini hakusema nikiulizwa nidanganye, na uongo mimi sijui kuushona.

Ninaishi na maji. Maji ya mji mzima yanashuka huku, ya mvua, ya machinjio na ya vyoo vya soko, na yakifika kwenye tuta la reli yanasimama, kwa sababu tundu la kupitia chini ya reli limeziba tangu sijahamia. Yamekuwa bwawa mlangoni kwangu. Juu yake kuna utando wa kijivu unaovimba jua likiwaka, halafu unapasuka, pwa, kama mtu anayebeua. Funza wanapanda miguu ya cherehani. Siku moja nimekuta mmoja kwenye kikombe, nikamwambia wewe sasa umezidi.

Kitanda nimekiinua juu ya mataruma mabovu, yale magogo ya kulazia reli, yaliyotupwa na watu wa reli, kwa hiyo usiseme shirika halijanisaidia. Wateja ndio wamenikimbia. Nguo ikilala kwangu inarudi kwa mwenyewe inanuka. Bibi harusi mmoja alikuja kuchukua gauni lake, akalishika kwa ncha za vidole, akatapika pale pale kizingitini. Akaniomba radhi, maskini. Nikamwambia mwanangu, tapika tu, hapo hapaharibiki.

Mguu nilichomwa na msumari ndani ya maji hayo, na kidonda hakitaki kufunga. Kila asubuhi rafiki yangu Nesi, mstaafu, anayekaa ng'ambo ya reli upande wa chini, anavuka kuja kukisafisha. Ameniambia bila kunificha kwamba nikiendelea kukanyaga uchafu huu, mguu utakatwa. Huyu Nesi ana bahati ya kuchekesha. Kila ukikaribia kupita, watu wa reli wanampaka rangi ukuta mmoja, ule unaotazama treni. Kuta tatu zilizobaki ni matofali na kuvu.

Usimgombeze mziwanda. Anakuja kila Jumapili. Siku hizi anasimama nje tu, anasema ana haraka.

Kupunga nitaendelea. Najua uko kazini, lakini mama akimwona mwanawe anapita hawezi kukaa kitako.

Mama yako

10 Aprili

Mziwanda,

Sina salamu. Nimeisoma barua ya Mama ofisini, na nikalazimika kufungua dirisha.

Anasimama nje! Unajua kwa nini Mama ameandika hivyo bila neno la lawama? Kwa sababu anakuonea huruma. Wewe unaogopa viatu vyako vitaloa, yeye analala humo. Halafu unaniandikia "mguu unamsumbua kidogo, uzee tu." Natafuta neno la kukuita na yote yanayokuja ni matusi, na matusi yananirudia mimi kwa sababu tumezaliwa tumbo moja.

Na mimi nimejichukia pia, usidhani umeachwa peke yako. Mara mbili nimepita hatua chache kutoka kwa mama yangu, yeye akiupungia ukuta wa jiko, na mimi upande wa pili nikimenyewa chungwa. Ule mtaro niliousifu ni safi kwa sababu haujawahi kupitisha hata tone. Mmezuia maji kwa Mama ili mtaro wa wageni ubaki mkavu. Nimeisifu maiti kwa kuwa haitoi jasho. Kuhusu kombe lako lililofunikwa, sasa nimeelewa kwamba mwanaharamu anayesubiriwa apite ni mimi. Na hayo maji yaliyo chini ya kitanda cha Mama ni mazito kuliko damu, usinitajie damu tena.

Sikiliza. Nimeomba ukaguzi wa pili kabla ya leseni kujadiliwa, na nimepewa. Behewa litapelekwa kwenye pembetatu, pale mnapogeuzia injini, ligeuzwe, madirisha yatazame upande wa juu. Agizo hilo mtalipata asubuhi ya safari, si kabla. Nakwambia wewe sasa, kama dada, upate muda wa kusimama mbele ya mkurugenzi wako na kusema ukweli kabla sijausema mimi. Sikwambii ili mjiandae.

Mama nimemwambia aje kwangu. Amekataa, anasema hawezi kumwacha Nesi na cherehani.

Dada yako

19 Mei

Mwanangu,

Sijui nianze kwa kushukuru au kwa kulia. Walikuja. Genge zima, na majembe na toroli na mashine ya kuvuta tope. Wamezibua tundu la chini ya reli, na bwawa langu limeondoka kwa kishindo kama beseni lililong'olewa kizibo. Sakafu imekauka. Nilikuwa nimesahau ina rangi gani. Wamenipaka ukuta mmoja rangi, ule unaotazama reli, nikacheka nikajua unakuja.

Siku ya kwanza niliimba. Siku ya pili Nesi hakuja kunifunga kidonda. Nikavuka reli mwenyewe, nachechemea, kumwangalia.

Mwanangu, maji yale hayakwenda kokote. Yameingia kwenye ule mtaro wao mweupe, na ule mtaro unaishia nyuma ya nyumba ya mwisho, hauna pa kwenda. Umejaa, ukarudi. Tope walilolizoa kwangu wamelimwaga huko huko, wamelisukuma toroli baada ya toroli wakalibinua. Nesi nimemkuta amesimama juu ya kiti chake cha jikoni, amekumbatia sanduku la dawa. Kulikuwa na matumbo ya machinjio yanaelea mpaka kwenye vyungu vyake. Ile harufu niliitambua. Ilikuwa yangu, imehama tu.

Nikamuuliza msimamizi wa genge kulikoni. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, mwaka huu madirisha yako upande wako."

Nimemleta Nesi alale kwangu. Anasema kwa mzaha kwamba sasa yuko karibu na mgonjwa wake. Lakini majirani zake wote wa ng'ambo bado wamo mule, na wananitazama nikianika godoro langu juani. Wanajua mwanangu ni nani. Sitaki kupona hivi.

Mama yako

3 Juni

Mziwanda,

Niliyokuandikia kama dada umeyapeleka kwa mkurugenzi kama karani. Usikane. Siku ya safari, agizo la kugeuza behewa lilipotolewa, mkurugenzi hakushtuka hata kidogo. Alitabasamu na kusema wazo zuri, mwanga utaingia vizuri asubuhi.

Tukakaa. Kuku yule yule, kidevu kile kile. Tukafika mji wa Mama, na upande wa juu ukang'aa mbele yangu: kokoto mpya, tuta limefyekwa, ukuta wa Mama una rangi ya maziwa. Mlango ulikuwa umefungwa. Mama hakuwepo. Mkurugenzi akaniinamia sikioni akasema, "Unaona, mheshimiwa, tunawajali wazazi wetu." Wazazi wetu! Alijua ni kwa nani. 

Nikasema nataka choo. Wakasema ni kibovu. Nikasema basi nitatapika hapa hapa, kwenye viatu vya mkurugenzi, na nilimaanisha. Kufuli likafunguliwa haraka sana. Choo hakikuwa kibovu hata kidogo. Kilikuwa na kidirisha kidogo cha juu, cha kioo kizito kisichoonyesha nje, na sasa kilitazama upande wa chini.

Nikapanda juu ya bakuli la choo, na viatu vyangu vya ofisi, nikakisukuma kikafunguka kidogo.

Harufu ilinipiga kabla ya macho. Halafu nikaona. Nyumba zimezama mpaka vizingitini, watu wamesimama juu ya meza walizotoa nje, mbwa amekufa, amevimba, anazunguka polepole kwenye mtaro niliousifu. Na katikati yao Mama. Alikuwa amevuka reli na mguu ule umefungwa mfuko wa plastiki, amesimama ndani ya tope pamoja nao, anapunga kitambaa chekundu. Alikuwa na ukuta wake mkavu wa kusimama, akaja kusimama pale. Kichwa changu hakikupenya. Nikatoa mkono. Sijui kama aliuona, treni ilikuwa inakwenda.

Nimetapika humo chooni, kisha nikatoka nikavuta kamba ya breki. Wajumbe wenzangu wa mamlaka wameshuka upande wa chini pamoja nami, wengine kwa kulazimishwa. Nimependekeza leseni isihuishwe.

Usiniandikie mpaka uwe na la kusema.

Dada yako

26 Juni

Dada,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Ni kweli, nilimwambia. Nilijiambia ninamwokoa Mama: wakijua unatazama upande wake, watasafisha upande wake, mguu utapona, na kazi yangu itabaki. Nilipiga hesabu hiyo nikaona imekaa vizuri. Watu wa ng'ambo hawakuingia kichwani mwangu hata mara moja. Nimekuwa mtu wa madirisha mpaka ndani ya mifupa, dada. 

Uamuzi wa mamlaka umefika. Hawakutunyima leseni, umeshaliona hilo. Wametupa mwaka mmoja badala ya miaka ishirini na mitano, mtaro uchimbwe mpaka mtoni, na tamko la sharti la kumi na moja litiwe saini upya. Unajua jambo la kwanza ambalo mkurugenzi aliagiza? Pazia la kidirisha cha choo. Nene, lenye pindo. Nilidhani anatania, mpaka fundi akaja kupima.

Kisha akanipa tamko nisaini kwamba sharti limetimizwa, kazi itafuata baadaye. Nikaweka kalamu chini. Akaniuliza mbele ya watu, "Kwani wewe ni wa madirisha au wa jikoni?"

Nikamwambia mama yangu anakaa jikoni.

Nimeandika kwa mkono wangu kwamba halijatimizwa, pande zote mbili, na nimelipeleka kwenu mwenyewe kabla hajaninyang'anya. Jioni nikakuta vitu vyangu viko kwenye boksi, nje ya ile stoo ya mafagio. Sasa niko kwa Mama. Jumapili nilivua viatu nikavuka na Nesi tukatoe vitu vya watu wa ng'ambo. Lile tope ni vuguvugu, dada. Hakuna aliyeniambia kwamba ni vuguvugu.

Mama anasema nina mikono ya karani, lakini nabeba.

Mziwanda

5 Julai

Wanangu wawili,

Naandika barua moja na kuinakili, ili asitokee wa kusema mwenzake kaandikiwa vizuri zaidi.

Mguu bado ninao. Nesi ameutazama asubuhi hii, akanusa, akasema haridhiki, lakini hajataja kisu. Genge limeanza kuchimba kuelekea mtoni kwa sababu wamelazimishwa, na wanachimba kwa uso wa mtu aliyemezeshwa mafuta ya nyonyo. Harufu haijaondoka. Usiku inalala katikati ya reli, haijui iende kwa nani.

Mziwanda, umekosea sana, na chakula chako kiko mezani. Usisimame nje.

Na wewe Mkaguzi, ulimwandikia mdogo wako kwamba hujui kama niliuona mkono. Niliuona. Tuliuona wote. Treni ilipopita, ukatoka pale juu, peke yake, unapunga kama umepagawa, na watu wakaanza kucheka ndani ya tope lao. Jirani mmoja akauliza kwa sauti, "Mkono gani huo unaotoka chooni?"

Nikamwambia huo ni wa mwanangu. Mingine yote iko madirishani, imeshika vikombe.

Mama yenu